Muziki wa Kutisha Usio na Maneno: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kuchanganya sauti za filamu fupi na matangazo hapa Arusha. Maswali haya ndiyo yanayonirudia, kutoka kwa wateja wa studio, vijana wa Moshi wanaopiga filamu zao kwa simu, wanakwaya, waongoza watalii na wazazi. Nimeanza na ya kawaida, yenye utata yako mbele. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine nimeelekeza pa kusoma.

## Tuanze na wimbo wenyewe

Ule muziki wa piano unaojirudiarudia, unaowekwa kwenye kila video ya mizimu, unaitwaje?

Kuna uwezekano mkubwa unautafuta mwanzo wa *Tubular Bells*, kazi ya Mwingereza Mike Oldfield. Albamu hiyo ilitoka Mei 1973, mwezi ambao Oldfield alitimiza miaka 20. Ala karibu zote alizipiga mwenyewe: alirekodi moja, akarudi akarekodi nyingine juu yake, piano, ogani, gitaa, besi, hadi santuri ikajaa pande zote mbili. Ndiyo albamu ya kwanza iliyotolewa na Virgin Records, kampuni ya Richard Branson.

Kama unaoukumbuka una kasi zaidi, kinanda kinagonga bila kupumzika huku mtu anafuatwa gizani, basi huo ni wa filamu ya *Halloween* ya mwaka 1978. Utautambua kwa kugonga meza na kuhesabu. Nyimbo nyingi tunazocheza zinakaa kwenye mapigo manne, huu unakaa kwenye matano. John Carpenter aliiongoza filamu hiyo na muziki akautunga mwenyewe. Mapigo hayo matano alifundishwa utotoni na baba yake, mwalimu wa muziki, kwa kutumia ngoma za bongo.

Tubular Bells ilitungwa kwa ajili ya filamu ya kutisha?

Hapana, na hili ndilo jambo ninalotamani kila anayeingia studio alijue. Oldfield alikuwa kijana aliyetunga muziki mrefu wa ala kwa sababu aliupenda muziki mrefu wa ala. Filamu ilikuja baadaye.

William Friedkin, mwongozaji wa *The Exorcist*, filamu ya binti aliyeingiwa na pepo, alikuwa ameandikiwa muziki na Lalo Schifrin akaukataa. Akawa anatafuta kitu chenye hali ya wimbo wa kumbembeleza mtoto, akaikuta rekodi ya Oldfield, akachukua kipande cha mwanzo. Filamu ilitoka mwishoni mwa Desemba 1973. Na ukiitazama kwa makini utashangaa jinsi muziki huo unavyotumika kidogo. Unasikika mama wa yule binti anaporudi nyumbani kwa miguu, mchana kweupe: majani makavu yanapeperuka, watoto wanakimbia wamevaa mavazi ya sherehe, masista wanapita upepo ukiwapeperusha nguo. Hakuna damu wala pepo katika tukio hilo. Hofu yote tunayoihusisha na noti zile imetoka kwenye sehemu nyingine za filamu.

Mwaka 1975 kazi hiyo ilipata tuzo ya Grammy ya utunzi bora wa muziki wa ala. Waliotoa tuzo waliusikia kama muziki, na ningependa nasi tuusikie hivyo hata mara moja: sikiliza upande wa kwanza wote, hadi pale ala zinapotajwa moja moja na kengele za mirija zinapoingia mwishoni. Ni muziki wa furaha kubwa.

Sasa kwa nini unanitisha?

Kwa njia mbili, na majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye hizo mbili.

Ya kwanza ni mwili. Sikio lina mambo linayoyashtukia kabla hujafikiri: mlio mkali wa kukwaruza, mngurumo mzito wa chini, kitu kinachokuja pale usipokitegemea. Mwanzo wa Tubular Bells una hilo la mwisho. Unajirudia kila baada ya mapigo 15 mahali ambapo sikio linasubiri 16. Ukianza kutikisa kichwa, wimbo unarudi mwanzo pigo moja kabla hujawa tayari. Hujui kilichokosekana, unajua tu kwamba hujatulia.

Ya pili ni mazoea. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pembe ile ni pembe tu. Kilichowafanya watu watoke majumbani ni kwamba kila ilipolia, kweli kulikuwa na jambo. Filamu imefanya hivyohivyo na noti za Oldfield: mara moja, mara kumi, kisha video za mtandaoni zikaongeza mara elfu. Mtu aliyezaliwa miaka 30 baada ya filamu hiyo, ambaye hajawahi kuiona, anaogopa piano ile kwa sababu wengine walikwisha kuiogopa.

Kwa nini nikizima sauti filamu haitishi kabisa?

Kwa sababu picha peke yake mara nyingi haisemi uogope. Muziki ndio unaokuambia. Chukua *Jaws* ya mwaka 1975. Papa wa bandia aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo alikuwa akiharibika mara kwa mara, kwa hiyo kwa muda mrefu papa haonekani. Anayeonekana ni maji. John Williams aliandika noti mbili nzito za besi zinazopokezana, taratibu kisha haraka, na noti hizo ndizo papa. Angalia pia uaminifu wake: kuna mahali watoto wanawatania watu kwa pezi la bandia, na hapo muziki haupigwi. Mtunzi anakataa kukudanganya, ndiyo maana noti zile mbili zinaporudi unaziamini.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliohusisha watu zaidi ya 2,000 walioonyeshwa video ileile ya papa wakiogelea. Wengine waliiona ikiwa na muziki wa kutisha, wengine na muziki wa kuchangamsha, wengine kimya. Walioisikia na muziki wa kutisha waliwaona papa vibaya kuliko wengine wote, ingawa papa walikuwa walewale.

Huku kwetu mfano mzuri ni *Hatari!* ya mwaka 1962, ambayo sehemu kubwa ilipigwa katika maeneo ya Arusha. Wale ndovu wadogo wanaokwenda kuoga waliwekewa na Henry Mancini klarineti yenye mzaha, na dunia nzima ikawapenda. Jaribu kuwatazama huku umepiga besi nzito ya polepole. Utaanza kujiuliza mama yao yuko wapi.

## Mwili unaposikia

Zile vayolini zinazokwaruza kama mtu anapiga kelele, siri yake nini?

Kwenye *Psycho* ya mwaka 1960 Bernard Herrmann alitumia ala za nyuzi peke yake, bila tarumbeta wala ngoma. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu hiyo, alitaka tukio la bafuni, mwanamke anapouawa, liwe bila muziki. Herrmann akaliandikia hata hivyo, Hitchcock akasikia, akabadili uamuzi. Vayolini zile zinapigwa juu kabisa, kwa nguvu, upinde ukishuka kwa ghafla kila noti.

Ukitaka kuelewa kwa nini mwili unaruka, nenda ukalale karibu na msitu, Marangu au Machame, au upande wa Meru. Usiku utamsikia perere. Ni mnyama mdogo, hazidi sungura kwa ukubwa, anakula majani, hamdhuru mtu. Lakini akianza kulia juu ya mti, mlio unapanda kwa mikwaruzo hadi unakuwa ukelele, na mgeni ambaye hajaambiwa anatoka kitandani. Wenyeji wanageuka upande wa pili na kuendelea kulala, kwa sababu wanajua ni nani.

Wanasayansi wamelifuata jambo hili kutoka kwa wanyama. Daniel Blumstein wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa akichunguza marmoti, wanyama wa jamii ya kindi wanaoishi ardhini milimani, huko Marekani, akaona watoto wao wakishikwa hupiga ukelele wenye mkwaruzo, sauti iliyopita uwezo wa koo lao. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha uchambuzi wa vipande vya sauti kutoka filamu zaidi ya 100, na wakakuta watengenezaji wa filamu za kutisha wanatumia sauti za namna hiyohiyo. Utafiti mwingine wa mwaka 2015 kuhusu ukelele wa binadamu ulionyesha kwamba kinachoutofautisha na usemi wa kawaida ni kupandashuka kwa nguvu ya sauti kwa kasi sana, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Sikio linauita huo mkwaruzo. Ving'ora vinao pia. Herrmann hakuwa na tafiti hizi. Alikuwa na masikio.

Na zile sauti nzito za chini?

Vitu vikubwa hutoa sauti nzito: radi, tetemeko, ndovu, lori lililokatika breki. Besi ndefu isiyo na wimbo inaambia mwili kuna kitu kikubwa karibu ambacho hakionekani. Binadamu husikia kuanzia mitetemo kama 20 kwa sekunde; karibu na hapo sauti unaisikia kifuani zaidi kuliko masikioni.

Kwa nini muziki hukatika ghafla kabla ya tukio?

Ukimya unakufanya usikilize kwa nguvu zaidi. Masikio yakishafunguka hivyo, hata mlango ukijibamiza unaruka. Ni mbinu nyepesi, na inachosha ikirudiwa mara tatu katika filamu moja.

Je, Mwafrika wa kijijini na Mzungu wa mjini wanaogopa muziki uleule?

Kwa kiasi fulani ndiyo, na swali hili ninalipenda kwa sababu limejibiwa huku Afrika. Mwaka 2009 Thomas Fritz na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wamafa wa milima ya kaskazini mwa Kamerun, watu ambao hawakuwa wamewahi kusikia muziki wa Magharibi. Walichezewa vipande vya piano wakaulizwa vina furaha, huzuni au hofu. Walivitambua kwa kiwango kilichozidi kubahatisha. Kwa hiyo kuna kitu mwili wa binadamu unakishika popote ulipo.

Lakini usifike mbali sana na hilo. Mwaka 2016 ulitoka utafiti mwingine kuhusu Watsimane wa Bolivia, wanaoishi mbali na miji. Noti zinazogombana, zile ambazo sisi tuliolelewa na kwaya na redio tunakunja uso tukizisikia, wao waliziona zinapendeza sawa na zile zinazopatana. Maana yake sehemu kubwa ya "hii inasikika vibaya" tumefundishwa.

Ni kweli kuna filamu ya kutisha ya Marekani yenye wimbo wa Kiswahili?

Kweli. *Get Out* ya Jordan Peele, mwaka 2017. Wimbo unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", umetungwa na Michael Abels. Una maneno, kwa hiyo unatoka kidogo nje ya ukurasa huu, lakini naulizwa kila mara. Peele alitaka sauti za watu weusi waliotangulia zimwonye kijana ambaye ndiye mhusika mkuu: akimbie, ajiokoe. Mtazamaji wa Marekani anasikia minong'ono asiyoielewa na nywele zinamsimama. Mtu wa Moshi anasikia ushauri wa wazee, tena ushauri mzuri. Kwake yeye hofu inatoka kwenye kuona kijana hausikii.

## Imani na mambo ya usiku

Je, ni dhambi kusikiliza muziki huu? Mchungaji wetu amekataza.

Sitampinga mchungaji wako juu ya madhabahu yake. Mambo ya roho muulize yeye, padri au sheikh wako, na ukiona kitu kinakuondolea amani, kiache bila kusubiri ruhusa ya mtu wa studio.

Ninachoweza kusema ni cha upande wa muziki. Tubular Bells haikutungwa kwa ajili ya pepo (tazama swali la pili juu). Na moja ya sauti za kutisha zinazotumika zaidi kwenye filamu imetoka kanisani. Ni *Dies irae*, wimbo wa Kilatini wa misa ya wafu unaozungumzia siku ya hukumu, ulioimbwa tangu karne ya 13. Mwaka 1830 Hector Berlioz akauweka kwenye simfonia yake katika tukio la mkesha wa wachawi. Wendy Carlos na Rachel Elkind wakautumia mwanzoni mwa *The Shining* mwaka 1980, sauti nzito za sinthesaiza huku gari dogo linapanda mlima. Noti nne za kwanza zinatosha. Wakatoliki wazee wanaokumbuka misa ya Kilatini huzitambua na kunyamaza.

Nimesikia kuna noti mbili zilizopigwa marufuku na Kanisa kwa sababu zinamwita shetani.

Zinaitwa tritoni: noti mbili zilizoachana kwa nusu-toni sita. Kwenye kinanda bonyeza C na F kali (F#) pamoja utazisikia. Watunzi wa zamani waliziepuka kwa sababu ni ngumu kuziimba na zinaacha wimbo ukining'inia bila kutulia. Jina la kuzihusisha na shetani lilienea karne ya 18, kwenye vitabu vya kufundishia muziki. Marufuku ya Kanisa haijulikani popote kwenye kumbukumbu.

Ila sifa hiyo ilizifaa. Mwaka 1874 Camille Saint-Saëns aliandika *Danse macabre*, ngoma ya mifupa usiku wa manane, akaagiza waya mmoja wa vayolini ulegezwe nusu-toni ili ukipiga nyuzi mbili wazi upate tritoni papo hapo. Kifo anaanza kupiga fidla yake na fidla tayari imekosewa. Nikiwaeleza wanakwaya wanaokuja studio hufurahi sana, na wengi huzitafuta noti hizo kwenye kinanda wakiwa bado wamesimama.

Kengele za kanisa kwa nini zinatisha kwenye filamu na Jumapili hazitishi?

Mazoea tena. Vijiji vingi vya mlimani kengele ileile inayoita watu ibadani hugongwa pia kutangaza msiba, ila kwa mwendo mwingine, taratibu, na nafasi ndefu katikati. Mtu wa Kibosho hahitaji filamu kumfundisha tofauti. Filamu huchukua ule mwendo wa msiba na kuuweka usiku.

Wanasema ukiucheza kinyumenyume unasikia maneno.

Akili hutafuta maneno popote, hata kwenye mlio wa jenereta. Ukiambiwa kabla utasikia nini, utakisikia. Jaribu na mtu ambaye hajaambiwa.

Nikisikiliza usiku silali. Nifanye nini?

Usikilize mchana, na usikilize wote. Anayeishia sekunde 30 za mwanzo, zile zinazowekwa kwenye video, anabaki na hofu iliyokatwa katikati. Ukifika mwisho wa wimbo unakuwa umesikia gitaa, utani na kengele, na mwanzo ule unapata majirani. Watu wengi wameniambia hili limewasaidia. Ikiwa hofu inatokana na jambo zito lililokupata kweli, wimbo ni wa kuweka pembeni kabisa na mazungumzo yako yawe na mtu wa karibu au daktari.

Watoto je?

Mtoto mdogo hana kinga ya "ni filamu tu". Zima. Anayekaribia ujana mwonyeshe jinsi inavyofanyika: tazameni tukio moja bila sauti, kisha na sauti, halafu mwache achague wimbo wa kuchekesha auweke juu yake.

## Kutazama na kusikiliza hapa kwetu

Kwa nini filamu ya kutisha iliyotafsiriwa na DJ hainitishi?

Kwa sababu DJ anakaa mahali muziki ulipotakiwa kukaa. Sauti ya filamu anayoipata huwa imeshachanganywa: maneno, milio na muziki viko pamoja. Ili asikike inabidi aishushe yote, na kinachopotea kwanza ni zile noti ndefu za chini na ule ukimya kabla ya tukio. Hakuna ukimya mtu akizungumza. Tena DJ mzuri anakueleza nani anakuja na ana nia gani, anamtania muuaji, anampa jina la mtaani. Hofu inahitaji usijue.

Sisemi hivi kuwashusha. Utafsiri wa kwenye vibanda vya video ni sanaa kamili, na kwa filamu za mapigano au za Kihindi unaongeza ladha. Kwa filamu ya kutisha, itazame kwanza yenyewe, hata kama lugha inakupiga chenga. Hutapotea. Muziki unakusimulia.

Nilitazama kwa simu, sikuona cha kutisha.

Spika ya simu haiwezi kutoa besi. Noti mbili za papa kwenye simu zinabaki kama mtu anagonga karatasi. Vaa headphone, hata za bei ya chini zile za stendi, na uzime taa. Wazee waliotazama filamu pale Metropole mjini Arusha wanaposema sinema za zamani zilitisha zaidi, mimi nawaamini: walikaa gizani, mbele ya spika kubwa, na hakuna aliyeweza kusimamisha filamu ili ajibu ujumbe.

Kwa nini filamu zetu za kutisha zina muziki uleule?

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Mussa Banzi alipotoa kazi kama *Nsyuka* na *Shumileta*, tumekuwa na hadithi zetu wenyewe za kutisha: majini, uchawi, wafu wasiotulia. Hadithi ni za kwetu ila sauti nyingi tunazipakua. Bajeti ikifika kwenye sauti imeshaisha, mhariri anafungua folda ya milio ya bure, anachukua radi ileile, kicheko kilekile, ogani ileile. Mtazamaji ameshaisikia radi hiyo kwenye filamu nyingine tatu, na mwili wake umeshaizoea, kama wenyeji wa Machame walivyomzoea perere. Dawa yake nimeieleza kwenye jibu linalofuata.

## Kwa wanaotengeneza

Nataka kutengeneza muziki wa kutisha na sina vayolini wala okestra. Nianzie wapi?

Anza na simu yako, nje ya nyumba. Rekodi upepo kwenye majani ya migomba makavu. Rekodi bati linalopoa jioni. Rekodi kengele za ng'ombe zikitoka mbali, upande wa Monduli au Oljoro. Ingiza kwenye Audacity, programu ya bure, kisha punguza kasi hadi nusu. Kengele ya ng'ombe iliyopunguzwa kasi inakuwa kitu kizito, cha shaba, ambacho hakuna mtu duniani aliye nacho kwenye folda yake.

Halafu tafuta ala. Zeze la Wagogo linapigwa kwa upinde. Mpigaji akiuburuta polepole karibu na mwisho wa waya unapata mkwaruzo uleule niliouzungumzia kwenye jibu la perere. Ilimba, ile marimba kubwa ya vidole aliyoipiga Hukwe Zawose, ina matundu yanayofunikwa na utando wa buibui ili kila noti izizime. Kwenye furaha ule mzizimo unachangamsha. Ukipiga noti moja moja, nafasi ndefu katikati, unasikika kama kuna mwingine anapiga nyuma yako. Tafadhali mlipe mpigaji na umwandike jina lake mwishoni mwa filamu. Ala hizi zina wenyewe.

Mwisho, punguza. Kosa ninaloliona kwa vijana wengi ni kujaza. Noti moja iliyoshikiliwa kwa dakika nzima huku mama anaosha vyombo inatisha kuliko milio kumi. Na iga uaminifu wa Williams: ukishaupa muziki wako maana, usiutumie kumdanganya mtazamaji kila dakika tano, maana ukija mkasa wenyewe hatakuamini.

Naweza kutumia Tubular Bells kwenye filamu yangu fupi?

Bila ruhusa, hapana. Oldfield yuko hai na kazi yake inalindwa. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ile habari kwamba sekunde chache ni halali haimo kwenye sheria, na YouTube itautambua wimbo hata ukiupandisha sauti kidogo.

Saint-Saëns alifariki mwaka 1921 na Bach mwaka 1750, kwa hiyo tungo zao ziko huru. Angalia hapa watu wanapoteleza: utungo uko huru, lakini rekodi uliyoipakua ina mwenyewe. Mtafute mpiga kinanda wa kanisa lenu akupigie *Danse macabre*, mrekodi, mlipe, na rekodi iwe yako kwa maandishi. Na ukitunga ya kwako, isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujaisambaza.

Mimi ni mwongoza watalii, natengeneza video za Serengeti na Ngorongoro. Fisi niwawekee muziki gani?

Swali hili limekuja zaidi ya mara moja, na ninawaheshimu wanaoliuliza. Kwenye filamu za wanyama simba mdogo hupewa filimbi na fisi hupewa besi nzito. Rudi kwenye utafiti wa papa hapo juu, na fikiria miaka yote ambayo fisi amechezewa besi. Fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe, huishi kwenye koo zinazoongozwa na majike, na mama hunyonyesha watoto wake kwa zaidi ya mwaka.

Mpe sauti yake mwenyewe. Mlio wa fisi unaopanda mwishoni, ukiurekodi vizuri usiku ukiwa kambini, hauhitaji ala yoyote juu yake. Kama mteja anataka muziki lazima, tumia noti chache zilizo wazi, ilimba au gitaa, na uweke muziki uleule kwa simba na kwa fisi. Kisha soma maoni ya watazamaji chini ya video uone wanavyomzungumzia.